Tatu Nyuma

Siku niliyomrudishia Mama Ntakwinja chenji mara mbili
(yeye mwenyewe alinirejeshea, akicheka,
na kucheka kwake ndiko kulikoniuma)
mpwa wangu Zihalirwa aliniambia: Shangazi,
ubongo ni msuli.
Hayakuwa maneno yake. Yaliandikwa kwenye simu
juu ya kichwa cha samawati kinachotoa miale,
na chini ya kidevu, bei: dola tisa kwa mwezi.

Dola tisa ni makopo mangapi ya sambaza?
Nilihesabu bila kalamu. Nikapata jibu sahihi.
Nikalipa hata hivyo.

Basi kila jioni, Kadutu ikishaloa,
umeme ukiwepo au kwa betri iliyosalia,
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikitazama visanduku tisa.
Kimoja kinawaka. Kinazimika. Kingine.
Kikirudi palepale palipowaka mbili nyuma, gusa.
Ukizoea, tatu nyuma.
Ukizoea, nne.
Kidole kilinuka samaki, kioo kiliteleza,
lakini nilipanda. Wiki ya sita, ngazi ya saba,
na tarumbeta ndani ya simu ikalia
kama harusi ya watu nisiowajua.

Umeona? akasema Zihalirwa.
Niliona. Nilikuwa hodari wa visanduku.

Kesho yake alfajiri, pale Muhanzi,
katikati ya matope na kelele za wachuuzi,
nilijiuliza: mteja wa tatu nyuma alichukua makopo mangapi?
Nikafumba macho, nikangoja kiwake.
Hakikuwaka kitu.
Mteja si kisanduku. Anakuja na mtoto mgongoni,
anakuja na matanga ya wifi yake,
anasema, niwekee kichwani, Mama, Jumamosi nitalipa,
na Jumamosi inafika na uso mwingine.

Zihalirwa ni kijana mkweli; ugonjwa wake ni matumaini.
Akatupima, mimi na jirani yangu Nabintu,
ambaye wiki zile sita alizimaliza akisuka vikapu
na kuwasema watu.
Alitusomea majina ishirini ya wadaiwa,
akatuacha tunywe chai, kisha akayadai.
Mimi, kumi na moja.
Nabintu, kumi na mawili, na juu yake
akaongeza nani kati yao hatalipa kamwe.
Akatupa hesabu za kutoa: sare.
Akatusomea barua ndefu ya kanisa, akauliza maswali:
sare, na sote tulisinzia mahali pamoja.
Mwishoni akaleta visanduku. Hapo nilimwacha Nabintu
kama lori linavyomwacha mtu Nyangezi usiku.

Tulinyamaza wote watatu.
Labda wiki sita hazitoshi, akasema.
Labda. Mimi nasema nilichokiona tu.
Miguu yangu inajua ngazi za mtaani kwetu gizani,
vidato mia na kumi na vinne,
pamoja na kile kilichovunjika.
Nipeleke Goma uone nitakavyojikwaa.

Sasa nina daftari, la mwanafunzi wa darasa la tatu,
lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Wadaiwa hawalipendi.
Ntakwinja alilitazama kama mtu anayetazama askari.

Na usiku mwingine, sitaficha, bado nacheza.
Sichezi kwa ajili ya ubongo.
Nimezika mume, nimehama nyumba mara nne,
mlima umeteremka na choo chetu na nusu ya jiko;
inapendeza kuona, walau ndani ya simu,
kitu kinarudi palepale kilipokuwa.

Zihalirwa aliahidi kuifuta ile malipo ya mwezi. Akasahau.
Nami nikasahau kumkumbusha.
Programu peke yake haikusahau:
kila tarehe tatu, bila mazoezi,
inakumbuka dola zake tisa.